Ditekta ya dhahabu: sentimita zinazopotea kabla hazijafika ardhini

Ukikaa na watu wanaotembea na ditekta, mashine ya kusikia metali iliyofukiwa ardhini, iwe Misungwi, Sengerema au kule Geita, ukawauliza mashine ijayo iwe na nini, jibu la kwanza ni moja: ishuke chini zaidi. Ya sasa inaishia sentimita thelathini, tunataka sitini. Ombi hilo lina haki yake, maana tabaka la juu katika maeneo mengi limeshapitiwa na koili, ile sahani ya chini ya mashine, mara nyingi. Lakini kina ndicho kitu kinachopatikana kwa gharama kubwa kuliko vyote, na anayenunua mashine kwa kuangalia nguvu peke yake analipia mamilioni ya shilingi ili apate sentimita tatu au nne. Sentimita nyingine nyingi zinapotea mahali pasipotajwa dukani: kwenye mkono uliochoka, kwenye udongo wenye chuma, kwenye waya wa koili, kwenye betri. Huko ndiko mafundi wa viwandani wanakopaswa kusukumwa, na kueleweka kwa hilo kunaanza na hesabu moja.

Kina kinavyogharimu

Koili ni waya uliozungushwa. Umeme unaobadilika ukipita ndani yake hutoa nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo ikigusa metali huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka kama maji yanavyozunguka kwenye karai. Mikondo hiyo nayo hutoa sumaku yake hafifu, na hiyo ndiyo inayorudi juu kupokelewa. Safari ni mbili, ya kwenda na ya kurudi. Kina kikishapita nusu ya kipenyo cha koili, nguvu ya kwenda hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali, na ya kurudi vivyo hivyo. Ukizidisha, unapata kipeo cha sita. Punje ileile ya dhahabu ikizikwa kwenye kina maradufu, ishara yake inadhoofika mara 64.

Sasa igeuze. Kiwanda kikiongeza mkondo wa koili mara mbili, nishati inayoliwa humo inakuwa mara nne, na punje iliyosikika kwenye sentimita 30 itasikika kwenye 34 hivi. Ni asilimia 12 tu. Na asilimia 12 hiyohiyo inapatikana kwa kupunguza kelele, yaani ishara za ovyo zisizotoka kwenye metali inayotafutwa, kwa nusu, bila kuigusa betri. Kelele ikishuka hadi robo, 30 inakuwa karibu 38. Kwa hiyo mashine tulivu ndiyo mashine ya kina, hata kama tangazo lake halina neno "nguvu".

Koili kubwa si jibu la kila kitu pia. Gramu moja ya dhahabu tupu ni kama mchemraba wenye upande wa milimita 3.7, na sehemu ya kumi ya gramu ina upande wa milimita 1.7. Vitu vidogo hivyo vinahitaji sumaku iliyokusanyika, yaani koili ndogo ya sentimita 15 hadi 28. Koili ya sentimita 45 inasaidia kwa kipande kizito kilicho chini, ila inameza udongo mwingi zaidi, na udongo una kelele zake.

Mkono

Mtu anayefagia mara moja kila sekunde mbili hufagia mara 1,800 kwa saa, na kwa saa tano anafikisha 9,000. Ikifika alasiri, koili haigusi tena majani. Imeinuka sentimita tano, na mwisho wa kila mfagio inapanda zaidi, kama jembe la mtu aliyechoka. Sentimita tano hizo zinatolewa moja kwa moja kwenye kina, na ni nyingi kuliko zile nne zilizopatikana kwa kuongeza mkondo mara mbili. Ndiyo maana uzito si suala la starehe. Ditekta ya kampuni ya Minelab, GPZ 7000, iliyotoka mwaka 2015, ina kilo 3.3 pamoja na betri, na GPX 6000 ya mwaka 2021 ina kilo 2.1. Kilo hiyo moja na ushee, kwa mtu anayetembea kutwa, ni kina.

Na si uzito wowote. Koili ya gramu 700 iliyo mita moja mbele ya kiwiko inahitaji kilo 2.8 ili isawazishwe na betri iliyo sentimita 25 nyuma ya kiwiko. Kwa maneno mengine, kila gramu 100 zitakazopunguzwa kwenye koili ni gramu 400 ambazo hutalazimika kubeba nyuma. Watengenezaji wamehangaika sana na boksi la mitambo na kishikio, wakati sehemu ya kupunguza ni koili yenyewe: ganda lenye matundu badala ya sahani nzima, povu gumu ndani badala ya gundi nzito, kifuniko chembamba.

Hadi hapo koili hiyo itakapokuja, mkanda wa mpira unasaidia. Kata vipande viwili vya tyubu ya baiskeli, kila kimoja upana wa sentimita tatu, vifunge juu kwenye mkanda wa begi la mgongoni, na chini vishike mti wa ditekta mbele kidogo ya mkono. Urefu uwe ule unaoiacha koili ining'inie sentimita mbili juu ya ardhi ukiwa umesimama wima. Ndoano ziwe za plastiki. Ndoano ya chuma inayocheza karibu na boksi la mashine inaweza kuleta milio ya uongo, na utahangaika siku nzima ukichimba hewa.

Udongo, mpinzani mkubwa wa punje

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lote, na ndipo Kanda ya Ziwa inapotofautiana na maeneo mengine. Mchanga mweupe unaotoka kwenye mawe ya itale ya Mwanza, ule Wasukuma wanaouita luseni, ni mpole, na karibu ditekta yoyote itatulia juu yake. Panda vilima vya Geita ukutane na miamba ya mistari ya chuma, au kanyaga moramu nyekundu, na mashine ileile itapiga kelele kila hatua. Kuhama si suluhisho, maana huko Geita dhahabu nyingi imekaa humohumo kwenye miamba ya chuma.

Ditekta za dhahabu ni za aina mbili. Za kwanza hutuma wimbi lisilokatika: Gold Monster 1000 kwa kilohezi 45, Fisher Gold Bug 2 kwa kilohezi 71. Masafa ya juu hivyo husikia punje ndogo sana, na mashine hizi zinaweza kutofautisha chuma na dhahabu kwa kiasi. Shida yake ni kwamba zinatuma na kupokea kwa wakati mmoja, kwa hiyo chuma cheusi cha udongoni kinajibu papo hapo, kikizidi nguvu jibu la punje mara nyingi sana.

Za pili hutuma pigo, hunyamaza, kisha husikiliza baada ya kama sehemu kumi za milioni za sekunde. Chuma cheusi kinachonatana na sumaku kikishaachwa na pigo kinanyamaza, kwa hiyo hakisumbui. Bali moramu ina aina nyingine ya chembe, ndogo mno, zinazochelewa kuachia sumaku. Zinaendelea kujibu wakati mashine inasikiliza. Bahati nzuri, chembe hizo zina tabia inayojulikana: muda ukiongezeka maradufu, jibu lao linabaki nusu. Metali haifanyi hivyo. Kila kipande kinafifia kwa kasi yake, kidogo kwa haraka, kikubwa polepole.

Chukua mfano wa mashine inayosikiliza mara mbili, kwenye 10 na kwenye 40 za milioni za sekunde. Udongo kwenye 40 utakuwa robo ya ulivyokuwa kwenye 10. Mashine inazidisha sampuli ya pili kwa nne, inaitoa kwenye ya kwanza, na udongo unakuwa sifuri. Punje ndogo iliyofifia haraka inabaki upande wa juu wa sifuri, kipande kikubwa kinachofifia polepole kinaangukia upande wa chini. Ndiyo maana kwenye mashine nyingi za pigo punje ndogo hulia kwa sauti ya kupanda kisha kushuka, na kipande kizito hushuka kwanza ndipo kikapanda.

Lakini katikati kuna kipande ambacho, kama udongo, kimebaki na robo hasa. Katika mfano huu ni kile ambacho jibu lake hupungua hadi asilimia 37 kila zinapopita kama 22 za milioni za sekunde. Hicho mashine itakitoa pamoja na udongo. Kinaweza kuwa karibu na uso wa ardhi, kikawa cha gramu kadhaa, na ukapita juu yake bila kusikia kitu. Hilo ndilo shimo la usikivu, na kila mashine inayosawazisha udongo kwa njia hii inalo mahali fulani. Ukibadilisha mpangilio wa muda wa kusikiliza, shimo halizibiki bali linahama.

Kwa hiyo, boresho ambalo lingeleta dhahabu halisi kutoka maeneo "yaliyokwisha" ni mashine inayoendesha mipangilio miwili kwa pamoja, mashimo yake yakiwa mahali tofauti, ili kinachomezwa na mmoja kisikike kwa mwingine. Kama haiwezekani kwa bei ya kawaida, basi angalau kitabu cha mashine kiseme wazi kila mpangilio unapoteza vipande vya ukubwa gani. Kwa sasa mtumiaji anaachiwa majina kama "kawaida" na "makini", asijue anachokiacha nyuma. Njia ya kujikinga ni kupita eneo zuri mara mbili, mara ya pili kwa mpangilio tofauti na kwa kukatisha njia ya kwanza.

Kuna na tatizo la kujisawazisha kwenyewe. Mashine inayofuatilia udongo kila wakati ni rahisi kwa mgeni, ila ukisimama ukafagia juu ya punje hafifu mara sita au saba, inaanza kuihesabu punje kama udongo, na mlio unafifia mpaka unatoweka. Watu huondoka wakidhani lilikuwa jiwe. Kinachotakiwa ni kitufe cha kufunga ufuatiliaji, kilicho chini ya kidole gumba, si ndani ya menyu. Kama mashine yako ina njia ya kusawazisha kwa mkono, fanya hivi: tafuta sehemu isiyo na mlio, inua koili hadi sentimita 30 na uishushe hadi tano, rudia huku umeshikilia kitufe mpaka sauti isibadilike, kisha funga. Rudia rangi ya udongo ikibadilika, na mvua ikinyesha.

Mawe ya chuma yaliyotawanyika yana kipimo chake. Ukipata mlio, inua koili sentimita kumi. Jiwe la chuma la juu juu mara nyingi hunyamaza ghafla. Kitu kilicho chini hupungua taratibu, na mlio wake ni mpana. Kisha fagia kwa msalaba. Metali hulia karibu sawa pande zote mbili, wakati udongo ulioganda kwa mstari hulia upande mmoja.

Mbuga nyeusi na itogolo, ule udongo mgumu wa mabondeni, ni jambo jingine kabisa. Zikilowa zinapitisha umeme, na nyayo za ng'ombe zilizojaa maji zinaweza kulia kama punje. Kuongeza muda wa kusubiri kabla ya kusikiliza kunaziondoa, pamoja na punje ndogo zote. Heri usubiri kiangazi. Ama mpangilio wa ufukwe wa chumvi, huo uache: maji ya Ziwa Victoria ni baridi, hayana chumvi ya baharini, na mpangilio huo utakupunguzia usikivu bure. Kinachosumbua ufukweni kwetu ni mistari ya mchanga mweusi inayoachwa na mawimbi.

Maombi mawili yasiyowezekana

La kwanza ni ditekta isikie dhahabu ya vumbi ndani ya mwamba. Mikondo inahitaji metali iliyoshikana. Mwamba wenye gramu tano kwa tani ni mwamba mzuri kwa karasha, mashine ya kusaga mawe, lakini jiwe lake la kilo kumi lina gramu 0.05 tu, tena zimetawanyika kama unga. Hakuna koili itakayosikia. Hapo ni kutwanga na kuosha kwenye karai.

La pili ni mashine ya antena inayodaiwa kuonyesha dhahabu umbali wa kilomita. Zinauzwa, na watu wanauza ng'ombe kuzinunua. Hazifanyi kazi. Kifaa cha jinsi hiyo kiitwacho ADE 651, kilichouzwa kwa serikali kadhaa kama kigundua mabomu, kilitokana na kifaa cha mzaha cha kutafutia mipira ya gofu, na muuzaji wake alifungwa miaka kumi Uingereza mwaka 2013. Antena inaelekea upande ambao kiganja kimeinama.

Vyuma vya karasha

Eneo lolote lenye karasha au marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, limejaa vipande vya gololi za kusagia mawe, misumari, nyaya za baruti na makombo ya nondo. Mashine za pigo huchuja chuma kwa shida, kwani kipande kikubwa cha chuma nacho hufifia polepole kama dhahabu nzito. Kuchuja kunakofanya kazi ni kwa vitu vya juu tu, na watumiaji wengi wangependa mashine iseme wazi "sina uhakika" kuliko kunyamaza na kuacha kipande kizito. Kwa sasa, sumaku ya spika mbovu iliyogundishwa kwenye mpini wa sururu hufanya kazi kubwa: ipitishe kwenye udongo uliochimbua kabla hujaupeleka tena kwenye koili.

Sauti na umeme

Hedifoni za kawaida za Bluetooth huchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Koili inayokwenda mita moja kwa sekunde itakuwa imeshapita sentimita kumi unaposikia mlio. Utachimba pembeni. Zile za ucheleweshaji mdogo, karibu sehemu 40 za elfu za sekunde, hupunguza kosa hilo hadi sentimita nne. Waya bado ni bora, na spika ndani ya mashine inastahili kuwepo daima: GPX 5000 haina, na hedifoni ikikatika porini siku imekwisha.

Kelele za hewani zinatoka kwenye nyaya za umeme, mota za karasha, vidhibiti vya sola na radi. Kanda hii ina radi nyingi, na ngurumo ya mbali hukwaruza sikioni kabla hujaona wingu. Koili ya herufi D mbili, yenye mizunguko miwili ya waya yenye umbo hilo, hustahimili kelele hizo kuliko ya mzunguko mmoja. Radi ikikaribia, zima, weka chini, ondoka kwenye uwazi.

Kuhusu betri, ombi ni jepesi mno hivi kwamba inasikitisha kuwa bado linaombwa: boksi linalopokea seli za kawaida za lithiamu za namba 18650, mbili mfululizo, volti 7.4, zinazochajiwa kwa USB-C kutoka sola ya kambini. Pakiti ya kiwandani ikifa seli moja, yote inatupwa, na mpya iko mbali na ghali. Anayejiundia ajihadhari. Seli ziwe za aina na umri mmoja, zipishane si zaidi ya volti 0.05 kabla ya kuunganishwa, na ziwe na kidhibiti cha chaji. Seli ya 18650 iliyoandikwa 9800 mAh ni ya uongo, kwani nzuri kabisa hazifiki hata nusu yake. Na usiwashe mashine moja kwa moja kutoka pawabenki: saketi yake ya kupandisha volti hutoa kelele ileile tunayoikimbia.

Koili na waya wake

Mchanga wenye chuma ukiingia kati ya koili na kifuniko chake, mashine itasema udongo ni mbaya kila mahali. Vua kifuniko, osha, kausha, rudisha, ziba ukingo kwa tepu nyeusi. Waya uzungushwe kwa kubana kwenye mti, uache ulegevu kidogo karibu na plagi, maana unapoinama kila siku palepale ndipo nyuzi hukatika kwa ndani. Plagi inayoweza kubadilishwa na fundi ingeokoa koili nyingi. Badala yake, baadhi ya mashine sasa huweka chipu ndani ya koili ili koili ya kampuni nyingine ikataliwe. Kwa mtu aliye mbali na wakala, hilo ni kufungiwa mlango. Maji nayo: koili nyingi huvumilia, boksi haliwezi. Ditekta ya Minelab SDC 2300 inazama hadi mita tatu, na kwa mto na mvua zetu hiyo ndiyo ingekuwa kawaida.

Kipimo kabla ya kulipa

Nunua chubwi la risasi la nyavu, kata vipande vya gramu 0.2, 1 na 5, uvipime kwenye mizani ya sonara. Risasi hujibu kwa namna inayokaribiana na dhahabu ya asili iliyochanganyika na fedha. Toboa ardhi isiyochimbuliwa kwa mshazari wa nyuzi 45, uchomeke bomba la plastiki la nusu inchi lenye urefu wa mita moja. Gundisha kipande kwenye ncha ya fito iliyotiwa alama kila sentimita 14: kila alama ni kina cha sentimita kumi, na kitu kinakuwa mbele ya mdomo wa bomba kwa umbali uleule, kumi kwa kila alama. Fagia kwanza bomba likiwa tupu. Kisha sukuma kipande, alama kwa alama, kwa kila mpangilio wa mashine, ukitafuta hasa mahali ambapo kipande cha gramu moja kinasikika kidogo kuliko cha 0.2. Andika kina, koili, mpangilio na hali ya udongo. Bomba liache palepale, urudie mvua ikishanyesha.